Bodi ya Maikrokontrola Inapolishwa Volteji Pungufu: Dalili, Visababishi na Tiba

Anayeshusha volteji ya bodi yake kutoka volti 5 hadi 3.3, au chini zaidi, kwa kawaida huwa na sababu nzuri. Anataka betri idumu, au anataka bodi iwasiliane moja kwa moja na vihisi na kadi za kumbukumbu zisizovumilia volti 5. Tatizo huanza pale anapodhani kwamba amebadilisha kitu kimoja tu. Volteji ya bodi ndiyo inayoamua kasi ambayo chipu inaweza kuimudu bila kukosea, kiwango ambacho pini hukihesabu kuwa juu au chini, kipimo ambacho usomaji wa analogi hulinganishwa nacho, na akiba inayobaki kabla chipu haijazimika. Ukiigusa volteji umeyagusa yote manne kwa pamoja, na kwa kuwa dalili zake hufanana sana na makosa ya programu, wengi huishia kupekua msimbo usio na kosa lolote.

Mwongozo huu unatumia zaidi chipu ya ATmega328P, ambayo ndiyo iliyomo katika Arduino Uno R3, Nano na Pro Mini, kwa sababu mipaka yake imeandikwa wazi na mtengenezaji. Pale ambapo bodi zenye redio ya Wi-Fi za ESP8266 na ESP32 zina tabia tofauti, nimeeleza.

Kwanza, pima kwenye miguu ya chipu

Usipime kwenye betri, wala kwenye ncha za adapta. Weka ncha za multimita kwenye miguu ya chipu yenyewe, bodi ikiwa inafanya kazi na vifaa vyote vikiwa vimeunganishwa. Kwenye ATmega328P yenye miguu 28, mguu wa 7 ni VCC (umeme unaoingia) na wa 8 ni GND (ardhi ya saketi), ilhali AVCC, yaani umeme wa sehemu ya analogi, iko kwenye mguu wa 20. Waya mwembamba wa USB, ubao wa kuchomeka nyaya uliolegea na swichi ya bei nafuu vyote hula sehemu ya volteji kadiri mkondo unavyoongezeka, kwa hiyo betri inayoonyesha volti 3.3 haithibitishi kwamba chipu inapata volti 3.3.

Pasipo nafasi ya kuingiza ncha za multimita, ATmega328P inaweza kujipima. Ndani yake kuna rejeleo, yaani volteji thabiti ya kulinganishia, la takriban volti 1.1. Ukiiamuru isome rejeleo hilo huku VCC ikiwa ndiyo kipimo cha juu, jibu, ambalo huwa kati ya 0 na 1023, litakuwa karibu 225 bodi ikiwa na volti 5 na karibu 341 ikiwa na volti 3.3. Rejeleo hilo hutofautiana kati ya chipu na chipu, kuanzia volti 1.0 hadi 1.2, hivyo lilinganishe mara moja na multimita kabla ya kuliamini.

Bodi haiwaki, au taa yake inawaka kwa unyonge

Hapa kisababishi cha kawaida ni kutumia pini isiyofaa. Pini ya VIN na tundu la duara la umeme kwenye Uno R3 hupitisha umeme kwenye diodi na kisha kwenye kidhibiti volteji, na viwili hivyo kwa pamoja hupunguza takriban volti 1.5 hadi 2. Ndiyo maana mtengenezaji hupendekeza volti 7 hadi 12 kwenye njia hiyo. Anayeingiza volti 3.3 au 5 kwenye VIN anaiachia chipu kiasi kidogo mno, na taa ndogo ya bodi inayowaka kwa unyonge ni ushahidi wa kutosha. Volteji ya chini iliyokwisha kudhibitiwa huingizwa kwenye pini iliyoandikwa 5V, au VCC kwenye Pro Mini, kwa kuwa pini hiyo haipiti kwenye kidhibiti chochote.

Njia hiyo ina sharti ambalo halina msamaha. Pini ya 5V haina kinga: volteji ikizidi, au nyaya zikigeuzwa, hakuna kitakachoizuia kufika kwenye chipu. Vilevile, unapoilisha Uno volti 3.3 kupitia pini hiyo, usichomeke USB, kwa sababu volti 5 za kompyuta zitaingia kwenye njia ileile na kugongana na chanzo chako. Ng'oa chanzo kwanza, pakia programu, kisha ondoa USB na urudishe chanzo. Kumbuka pia kwamba pini iliyoandikwa 3.3V haitatoa tena volti 3.3 kamili, kwani kidhibiti chake hulishwa kutoka kwenye njia hiyo ya volti 5 ambayo sasa umeishusha.

Inafanya kazi mezani, kisha inaganda bila sababu inayoonekana

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira. Bodi huwaka, hupepesa taa, hujibu amri, kisha baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa huganda, huruka hatua, au hutoa jibu ambalo hesabu haikubaliani nalo. Siku ya baridi hali ni moja, siku ya joto ni nyingine. Chipu moja huvumilia, pacha wake haivumilii.

Kisababishi ni kasi. ATmega328P inaruhusiwa kwenda hadi megahezi 20 ikiwa na volti 4.5 au zaidi, hadi megahezi 10 ikiwa na volti 2.7, na hadi megahezi 4 tu ikiwa na volti 1.8. Kati ya nukta hizo mpaka hupanda kwa mstari ulionyooka, na ukiufuata utakuta kwamba volti 3.3 huruhusu takriban megahezi 13, ilhali megahezi 16, ambayo ndiyo kasi ya saa ya Uno na ya Nano, huhitaji takriban volti 3.8. Maana yake ni kwamba Uno inayolishwa volti 3.3 bila kubadilishwa kitu kingine inakwenda nje ya mipaka iliyodhaminiwa. Transista zilizo ndani ya chipu huchelewa kubadilika volteji inaposhuka. Zikichelewa kupita nafasi iliyopo kati ya pigo moja la saa na linalofuata, chipu husoma thamani ambayo bado haijatulia. Kosa la namna hiyo halitokei kila mara, na halitokei mahali pamoja.

Wapo wengi wanaosema kwamba Uno zao hufanya kazi vizuri kwa volti 3.3 na megahezi 16, na sina shaka kwamba wanaeleza walichokiona. Chipu nyingi zina ziada juu ya kiwango kilichodhaminiwa. Hata hivyo, ziada hiyo hupungua joto linapopanda na betri inaposhuka, na mradi utakaofungwa ndani ya kisanduku na kuachwa juani haupaswi kuitegemea. Ikiwa tatizo lako ni la kuganda kwa nadra, punguza kasi kwanza kabla ya kugusa mstari mmoja wa msimbo.

Kupunguza kasi kuna njia tatu. Iliyo safi kuliko zote ni kuchagua bodi iliyokusudiwa, kama Pro Mini ya volti 3.3 ambayo saa yake ni ya megahezi 8. Ya pili ni kuiamuru chipu itumie saa yake ya ndani ya megahezi 8, kwa kubadilisha mipangilio ya kudumu iitwayo fyuzi kwa kutumia kifaa cha kupakia kupitia ISP (njia ya kuandika moja kwa moja kwenye chipu). Saa hiyo haina usahihi wa kristali iliyo nje ya chipu, lakini hutosha kwa kazi nyingi. Ya tatu ni kugawa kasi kwa programu, kwa kuita `clock_prescale_set(clock_div_2)` mwanzoni mwa msimbo, ili megahezi 16 ziwe 8.

Njia ya tatu hupendwa kwa kuwa haihitaji kifaa chochote, lakini ina pengo. Tangu umeme unapoingia hadi mstari huo unapotekelezwa, chipu bado inakwenda kwa megahezi 16, na muda huo unajumuisha programu ndogo ya kupokelea msimbo kutoka kwenye kompyuta. Bodi ikikataa kuanza baadhi ya nyakati lakini ikishaanza haisumbui, pengo hilo ndilo la kushukiwa. Dawa yake ni fyuzi ya CKDIV8, ambayo huifanya chipu ianze kwa sehemu moja ya nane ya kasi, yaani megahezi 2 kwa kristali ya 16, kisha programu yako ikaipandisha hadi inapotaka. Ukifanya hivyo, upakiaji wa kawaida kupitia USB utavurugika kwa kuwa programu ile ndogo ilitengenezwa kwa kasi nyingine, na itakubidi upakie kupitia ISP. Unapotumia ISP, hakikisha kifaa chako hakipeleki volti 5 kwenye saketi yenye vihisi vya volti 3.3. Vifaa vingi vya ISP vina kidaraja au swichi ya kuchagua volteji.

Maandishi hayasomeki, na sekunde moja inachukua mbili

Ukishapunguza kasi, dalili hii hufuata karibu kila mara, na habari njema ni kwamba bodi ni nzima. Programu ilikokotolewa ikidhani kasi ni megahezi 16 huku chipu ikienda kwa 8. Mawasiliano ya siriali yaliyowekwa 9600 huwa 4800, na `delay(1000)` huchukua sekunde mbili. Ukiona kinyume chake, yaani nusu sekunde badala ya moja, umechagua bodi ya megahezi 8 ilhali uliyo nayo ni ya 16. Chagua aina sahihi ya bodi kwenye programu ya Arduino, au rekebisha thamani ya F_CPU, inayoiambia programu kasi ya chipu, kisha pakia upya. Kama uliamua kutumia saa ya ndani na maandishi yanasomeka kwa sehemu tu, yakichanganyika na herufi ngeni mara kwa mara, basi saa yenyewe imepotoka kidogo. Shusha mwendo wa siriali na utumie wenye kosa dogo la ugawaji.

Inaanza upya kila redio au mota inapowaka

Pima tena, lakini sasa fahamu kwamba multimita hukuonyesha wastani. Volteji inaweza kuporomoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kurudi, na skrini ya multimita isitikisike. Osiloskopu huliona tukio hilo mara moja. Asiye nayo anaweza kufanya jaribio la kuondoa: tenga redio, mota au relei, na uone kama bodi inatulia.

Bodi za ESP8266 na ESP32 ndizo zinazoathirika zaidi, kwa sababu redio yao huvuta mamia ya miliampea kwa kishindo inapotuma. Espressif, watengenezaji wa chipu hizo, hupendekeza chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampea 500. ESP32 husema yenyewe inapokosa: kwenye skrini ya siriali hutokea maneno "Brownout detector was triggered", yaani kilinzi cha volteji pungufu kimeamshwa, na bodi huanza upya. Baadhi ya watu huzima kilinzi hicho kwa mstari wa msimbo ili ujumbe uondoke. Siupendekezi ufumbuzi huo hata kidogo, kwa kuwa umeme haukuongezeka. Kilichoondoka ni onyo.

Mara nyingi kisababishi ni kidhibiti volteji kisichofaa kwa betri iliyopo. Bodi nyingi za aina hii hutumia AMS1117-3.3, ambayo huhitaji iingie takriban volti 1.1 zaidi ya inazotoa. Betri ya lithiamu huanza kwenye volti 4.2 na hukaa muda mrefu karibu na 3.7, ukiondoa 1.1 kwenye 3.7 zinabaki 2.6, ambazo hazitoshi, kwani moduli ya ESP32 huhitaji volti 3.0 hadi 3.6. Hata betri iliyojaa kabisa haiipi AMS1117 nafasi ya kudhibiti chochote. Tafuta kidhibiti chenye upotevu mdogo unaolingana na mkondo wako. MCP1700, kwa mfano, hupoteza chini ya volti 0.2 kwa kawaida, lakini mwisho wake ni miliampea 250, hivyo inaifaa ATmega na haiifai redio ya ESP32.

Kapasita husaidia penye vishindo vifupi. Weka ya nanofaradi 100 karibu kabisa na kila jozi ya VCC na GND, na kubwa zaidi, kama mikrofaradi 470, karibu na moduli yenye redio. Haitaponya chanzo kilicho dhaifu muda wote. Betri bapa ya CR2032 ni mfano wa chanzo dhaifu: ina volti 3 na ukubwa wa takriban miliampea-saa 225, lakini upinzani wake wa ndani ni mkubwa, na haikuundwa kubeba vishindo vya makumi ya miliampea.

Bodi inazimika ilhali betri bado zina nguvu

ATmega328P ina kilinzi cha volteji chenye viwango vitatu vya kawaida: 4.3, 2.7 na 1.8. Uno hutoka kiwandani ikiwa imewekwa 2.7. Anayetumia betri mbili za alkalini zenye takriban volti 3.2 zikiwa mpya atagundua kwamba kila moja ikifika 1.35 bodi inasimama, ingawa betri hizo zingeweza kuendelea hadi karibu 0.9 kila moja. Kiwango hicho hubadilishwa kwa fyuzi ya nyongeza: FD ni volti 2.7, FE ni 1.8, na FF huzima kilinzi chote.

Ukikishusha hadi 1.8, shusha na kasi hadi megahezi 4 au chini yake, la sivyo umerudi kwenye kuganda kusikotabirika. Na ukikizima kabisa, jua unachokiweka hatarini: volteji inapokuwa chini mno, chipu inaweza kutekeleza amri kimakosa na kuandika takataka kwenye EEPROM, kumbukumbu yake isiyofutika umeme unapokatika. Mtumiaji huona mipangilio aliyoihifadhi imepotea au imebadilika baada ya betri kuisha, akadhani kumbukumbu imeharibika. Kwenye mradi unaohifadhi chochote, kilinzi kibaki kimewashwa.

Vipimo vya analogi vimeruka

Usomaji wa analogi wa ATmega hulinganishwa na VCC, isipokuwa umeuagiza vinginevyo. Kihisi cha joto cha TMP36 hutoa volti 0.75 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Bodi ikiwa na volti 3.3 usomaji utakuwa karibu 233. Msimbo unaodhani kipimo cha juu ni volti 5 utaigeuza namba hiyo kuwa takriban volti 1.14, na kutangaza karibu nyuzi 64. Andika volteji halisi kwenye hesabu, au tumia rejeleo la ndani la 1.1 ikiwa kihisi chako hakivuki hapo. Potenshiomita inayolishwa kutoka VCC ileile haiathiriki, kwa kuwa vyote viwili hushuka pamoja. Kama namba zinabadilika polepole siku nzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba unaiona betri ikishuka.

Bodi ni nzima, lakini vifaa vyake havijibu

Hapa kuna makundi mawili. La kwanza ni la vifaa vinavyohitaji volti 5 vyenyewe. Skrini ya herufi ya 16 kwa 2 ya aina ya volti 5 huwaka mwanga wa nyuma kwenye 3.3 lakini haionyeshi herufi, kwa sababu kontrasti yake huhitaji tofauti kubwa zaidi ya volteji. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 cha toleo la kawaida na relei za volti 5 nazo huhitaji volti zao. Kihisi cha LM35 huhitaji angalau volti 4, kwa hiyo kwenye saketi ya 3.3 kibadilishe, usihangaike nacho.

Kundi la pili ni la vifaa vilivyo na umeme wa kutosha lakini visivyoelewa ishara. Taa za WS2812B zinazolishwa volti 5 huhitaji ishara ifike asilimia 70 ya volteji yao, yaani 3.5, na pini ya volti 3.3 haifiki. Kinachotatiza ni kwamba mara nyingi hufanya kazi, kisha taa ya kwanza huanza kumetameta rangi zisizoagizwa. Chipu ya 74AHCT125 iliyolishwa volti 5 hulimaliza, kwani huitambua ishara kuanzia volti 2. Transista za MOSFET, zinazowashwa na volteji kwenye mguu wake uitwao geti, nazo zina tatizo la aina hiyo: IRF520 haifunguki sawasawa kwa volti 3.3, hivyo hupata joto na mota huzunguka kwa unyonge. Tafuta ambayo mtengenezaji ameeleza upinzani wake ikiwa na volti 2.5 kwenye geti, kama AO3400.

Upande wa pili una hatari zaidi. Kifaa cha volti 5 kinapopeleka ishara kwenye pini ya chipu iliyo na volti 3.3, kinavuka kikomo, kwa kuwa pini ya ATmega haipaswi kuzidi VCC kwa zaidi ya volti 0.5. Diodi za kinga ndani ya chipu hupitisha mkondo huo hadi kwenye njia ya VCC, na matokeo yake huwashangaza watu: bodi huendelea kuwaka hata baada ya kuondolewa chanzo chake, au multimita huonyesha volti 3.8 pale ulipotarajia 3.3. Ukiliona hilo, tenganisha mara moja. Kwa ishara ya upande mmoja, rezista mbili hutosha: ya kiloomu 1 kutoka kwenye kifaa na ya kiloomu 2 kwenda GND hugeuza volti 5 kuwa takriban 3.3. Kwa I2C, njia ya mawasiliano ya nyaya mbili ambayo ishara zake huenda pande zote mbili, tumia kibadilishi chenye MOSFET ya BSS138, na uchunguze kama moduli yako ina rezista zake zinazovuta mistari hadi volti 5, kwa kuwa hizo peke yake zinatosha kuirudisha hitilafu uliyokwisha kuiondoa.

Volteji imeshuka, lakini betri bado inaisha upesi

ATmega328P iliyolala kabisa kwenye volti 1.8 huvuta takriban mikroampea 0.1, lakini taa ya umeme ya bodi, kidhibiti volteji na chipu ya USB havilali pamoja nayo. Ng'oa taa kwa lehemu, lisha chipu bila kupitia kidhibiti, na kama mradi ni wa kudumu achana na Uno utumie Pro Mini isiyo na chipu ya USB. Kisha weka multimita katikati ya njia ya umeme na usome mkondo chipu ikiwa imelala: ukikuta miliampea badala ya mikroampea, tenga vifaa kimoja kimoja mpaka namba ishuke.